Nani amemfundisha chanjo mtoa dawa wa Bunju?

Bunju, pembezoni mwa Dar es Salaam, bado inajengwa. Ukipita Tegeta na Boko kwa Barabara ya Bagamoyo, ukaingia ndani kidogo kuelekea Mabwepande, utakuta nyumba zilizofika kwenye lenta zikisubiri fedha ya bati, malundo ya kokoto na mchanga, na mbao zilizobanduliwa kwenye zege zikiwa bado na misumari yake. Nyumba nyingi zinazohamiwa kabla hazijakwisha zina mbwa wa kulinda. Mitaa mipya imejaa watoto wadogo, maana wengi wanaohamia huku ni watu walioanza maisha juzijuzi, na wengine ni familia zilizohamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011 kuwakumba mabondeni.

Misumari, mbwa na watoto wachanga. Hapo tayari una pepopunda, kichaa cha mbwa na orodha nzima ya magonjwa yanayokingwa kwa chanjo za utotoni. Na mtu mwenye swali juu ya lolote kati ya hayo, mara nyingi mahali pa kwanza anapopiga hodi si zahanati. Ni duka la dawa.

Sababu zake zinaeleweka. Duka liko mtaani, linafunguliwa asubuhi na mapema na kufungwa usiku, halina foleni, na mwenye shilingi elfu moja mfukoni hahisi aibu kusimama mbele ya kaunta. Anayeuza anaitwa "dokta", iwe ni mfamasia mwenye shahada, fundi sanifu dawa, au mtoa dawa aliyepata mafunzo mafupi ya kuendesha duka la dawa muhimu. Akisema jambo, linachukuliwa kwa uzito. Akinyamaza, ukimya wake nao unatafsiriwa.

Kwa utaratibu uliopo, chanjo za watoto Tanzania hutolewa bila malipo katika zahanati, vituo vya afya na hospitali, za serikali na za binafsi, chini ya mpango wa taifa ulioanza mwaka 1975. Duka la dawa halimo katika mpango huo. Duka la dawa muhimu, lile lililoanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya duka la dawa baridi, haliruhusiwi hata kuchoma sindano. Kwa wenzetu mambo yamekwenda tofauti. Mafunzo rasmi ya wafamasia kuchanja yalianza katika jimbo la Washington, Marekani, mwaka 1994, na kufikia 2009 majimbo yote 50 yalikuwa yamewaruhusu. Ureno, Uingereza, Ireland, Ufaransa na Afrika Kusini nazo zina wafamasia wanaochanja. Hoja hiyo itafika hapa, na watakaoileta watakuwa na sababu nzuri: wafamasia wapo, maduka yapo, na watu wameshazoea kuyaingia.

Mimi nasema tuanze kwa upande mwingine wa kazi hiyo. Kabla hatujampa mtoa dawa bomba la sindano, tumpe maarifa ya chanjo, na tumpe sasa, kwa sababu maamuzi juu ya chanjo tayari yanafanyika mbele yake kila siku na yeye hajaandaliwa kuyasaidia.

Fundi aliyekanyaga msumari

Chukua kisa cha kawaida kabisa. Fundi ujenzi anaingia dukani akichechemea, ndala mkononi, unyayo umefungwa kitambaa chenye damu na vumbi la saruji. "Dokta, naomba sindano ya tetenasi." Mtoa dawa anamjibu kwamba hapa hatuchomi. Yuko sahihi. Kisha anampa vidonge vya maumivu na kapsuli za antibayotiki, zile za rangi mbili, na fundi anarudi saiti. Hapo ndipo kosa lilipo, na halina uhusiano wowote na sindano.

Mwenye maarifa angemuuliza maswali mawili tu: umewahi kuchanjwa pepopunda mara ngapi, na mara ya mwisho ilikuwa lini? Majibu hayo ndiyo yanayoamua. Aliyepata dozi tatu au zaidi, na ya mwisho haijafikisha miaka mitano, hahitaji nyingine hata kama kidonda ni kichafu. Asiyejua, au aliyepata moja au mbili, anahitaji chanjo, na kwa kidonda kirefu chenye uchafu huenda akahitaji pia kinga ya haraka itolewayo hospitali, kwa kuwa chanjo peke yake huchukua muda kuamsha mwili. Kapsuli za rangi mbili hazichukui nafasi ya chochote kati ya hivyo. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama vikiwa katika hali ya mbegu ngumu, huingia ndani ya kidonda kisichopata hewa, na hutengeneza sumu inayokaza misuli mpaka mgonjwa anashindwa kufungua taya.

Wanaume wa rika la fundi huyu wana tatizo lao mahususi. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imetokomeza pepopunda ya mama na mtoto mchanga, na ushindi huo umetokana kwa sehemu kubwa na chanjo wanazopata wajawazito kliniki. Mwanamke aliyezaa mara mbili au tatu huenda ana dozi za kumtosha miaka mingi. Mume wake, kama alichanjwa, alichanjwa akiwa mchanga, na tangu hapo hakuna aliyemwita. Uganda iliuona udhaifu huo wakati wa kampeni za tohara ya hiari, visa vya pepopunda vilipojitokeza kwa baadhi ya waliotahiriwa, ikalazimika kuweka chanjo ya pepopunda katika utaratibu wa tohara. Mafundi, vibarua wa matofali na wakulima wa Bunju hawana kliniki yao. Wana duka la dawa.

Kwa hiyo jibu la "hapa hatuchomi" lingepaswa kuwa na sentensi ya pili: "Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni sasa hivi, halafu nenda zahanati leo, usisubiri kesho, na ukifika waambie hukumbuki chanjo ya mwisho." Sentensi hiyo haina gharama. Inahitaji tu mtu aliyefundishwa kuitamka, na kuitamka kwa uhakika kiasi kwamba fundi anayelipwa kwa siku akubali kupoteza saa mbili.

Kidonda cha begani

Kwa mama mwenye mtoto mchanga, swali la kwanza huja wiki chache baada ya kujifungua. Mtoto alichanjwa begani alipozaliwa, ile chanjo ya kifua kikuu, na sasa pale mahali pamevimba, pametunga usaha, panatoa majimaji. Mama anamfunua mtoto juu ya kaunta. "Dokta, hebu angalia, wamemchoma vibaya?"

Hapa mtoa dawa asiyejua hufanya alichozoea kufanya kwa kidonda chochote: hufungua kapsuli, unga wa antibayotiki unamwagwa juu, pamba inafungwa. Anayejua hufanya kazi ngumu zaidi, nayo ni kutofanya kitu. Kuvimba, kutunga usaha na kubaki kovu ndiyo njia ya kawaida ya chanjo hiyo. Huanza kati ya wiki ya pili na ya sita, hupona peke yake, na kinachotakiwa ni kuacha pakavu na safi bila kubinya wala kupaka dawa. Kinachopaswa kumpeleka mtoto kituoni ni tezi kubwa zilizovimba kwapani au kidonda kisichokauka kwa miezi. Mama akiondoka dukani na maelezo hayo, atarudi kliniki wiki ya sita bila hofu. Akiondoka na unga wa kapsuli na maneno "kweli walimchoma vibaya", hapo umepoteza zaidi ya kidonda kimoja.

Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 huja chanjo ya pamoja inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na homa ya uti wa mgongo inayotokana na bakteria aina ya Hib. Sehemu ya kifaduro hutengenezwa kwa bakteria mzima aliyeuawa, ndiyo maana watoto wengi hupata homa na kulia jioni ile. Mama anakuja kununua parasetamoli. Kumuuzia ni sawa, kwa kipimo cha uzito wa mtoto. Lakini anahitaji kuambiwa pia kwamba homa ya chanjo haivuki siku mbili. Dar es Salaam ina malaria na magonjwa mengine ya homa, na mtoto mwenye joto siku ya tatu anahitaji kupimwa, si chupa ya pili ya dawa. Degedege, kulia mfululizo zaidi ya saa tatu, au mtoto kulegea ni safari ya hospitali saa ileile, na ni taarifa inayotakiwa kuandikwa katika fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ya madhara ya dawa na chanjo. Fomu hiyo haimhusu nesi tu. Mtoa dawa naye anaweza kuijaza, na ni yeye anayewaona wengi wasiorudi kituoni.

Kuna jambo jingine ambalo naliona ni kubwa kuliko yote katika kaunta hii, nalo ni watoto wanaokosa chanjo kwa sababu zisizo sababu. Mtoto ana mafua. Mtoto yuko kwenye amoksilini. Mtoto ana kuhara kidogo. Mama ameruka tarehe mbili na anaogopa kufokewa. Kila moja ya hizo humbakiza mtu nyumbani, na karibu zote hupita kwanza dukani, kwa kuwa mafua na kuhara ndivyo vinavyomleta mama pale. Mafua hayazuii chanjo. Antibayotiki za kawaida hazizuii chanjo. Dozi zilizorukwa hazimrudishi mtoto mwanzo, anaendelea alipoishia. Mtoa dawa anayeyajua haya, anapomhudumia mama wa mtoto wa miezi 9 au 18, yaani umri wa chanjo za surua na rubela, anaweza kuuliza tu, "Na kadi ya kliniki ya mtoto iko vipi?" Swali hilo moja lingeokoa dozi nyingi zinazopotea. Surua ni ugonjwa unaohitaji watoto 95 kati ya 100 wawe wamekingwa ndipo ushindwe kusambaa, na watano hao waliobaki hujumlika haraka katika mtaa unaokua kama Bunju.

Upande wa pili wa shilingi, mfamasia anajua kitu ambacho nesi wa chanjo mara nyingi hakijui: dawa anazotumia mteja. Chanjo za surua, matone ya polio, kifua kikuu na homa ya manjano zina vimelea hai vilivyodhoofishwa. Mtu anayetumia prednisolone kwa dozi kubwa kwa wiki mbili au zaidi, au dawa za saratani, hatakiwi kupewa chanjo hai bila ushauri wa daktari. Kumbukumbu za dawa hizo ziko dukani. Mfamasia mwenye maarifa ya chanjo angekuwa wa kwanza kuliona tatizo.

Mbwa wa kulinda nyumba isiyoisha

Kichaa cha mbwa nitakieleza kwa ufupi kwa sababu maagizo yake ni mafupi, lakini kukosea hapa ni kifo. Dalili zikishaanza, mgonjwa karibu hawezi kupona. Kabla hazijaanza, karibu wote hupona kwa kuchanjwa. Kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na dakika hizo zihesabiwe kwa saa, maana watu wengi huosha kwa dakika moja wakadhani imetosha. Kisichotakiwa ni pilipili, mafuta ya taa, wala kushona kidonda haraka. Mtu aende hospitali siku ileile kwa dozi ya kwanza, kisha azimalize dozi zilizobaki kwa tarehe alizopewa. Aliyeng'atwa sana, hasa kichwani na mikononi, huhitaji pia dawa ya kinga ya moja kwa moja inayochomwa kwenye kidonda. Na aliyechelewa siku kadhaa bado aende, kwa kuwa virusi husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu. Pemba imeonyesha kwamba ugonjwa huu unaweza kufutika kisiwani kwa kuchanja mbwa mfululizo, ukarudi chanjo ilipolegea, na ukafutwa tena. Huku Bunju, wenye mbwa wengi huwafungulia usiku, na mtoto anayetumwa dukani alfajiri ndiye anayekutana nao.

Friji ya duka

Sasa tuzungumzie sindano yenyewe, maana watakaotaka maduka ya dawa yachanje watauliza: kama fundi anakuja pale pale, kwa nini asichomwe pale pale? Swali ni la haki. Jibu langu liko ndani ya friji.

Friji ya kawaida ya dukani huwa na maji ya kunywa, soda za kuuza, insulini ya mteja mmoja wa jirani, na barafu iliyoganda juu. Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, usiku na mchana, umeme uwepo usiwepo. Watu wengi hudhani adui ni joto tu. Kwa chanjo nyingi, adui mkubwa zaidi ni kuganda. Chanjo ya pamoja ya watoto, ya pepopunda, ya homa ya ini B na ya saratani ya mlango wa kizazi zina chumvi ya alumini inayoamsha kinga. Zikiganda, chumvi hiyo huungana katika mabonge, na zikiyeyuka nguvu imekwisha hata kama chupa inaonekana salama. Kile kibandiko kidogo cha mraba ndani ya duara kinachobadilika rangi kwa joto, ambacho kila mchanjaji hukiangalia, hakionyeshi kuganda.

Kuna jaribio la kuligundua hilo, na naamini kila mwanafunzi wa famasi angepaswa kulifanya kwa mikono yake mwenyewe. Unachukua chupa mbili za chanjo ya aina moja na toleo moja. Moja unaigandisha makusudi usiku kucha, kisha unaiyeyusha. Unaishika pamoja na ile ya pili unayoitilia shaka, unazitikisa, unaziweka mezani na kuzitazama dhidi ya mwanga. Iliyoganda hujitenga upesi: chembe nyeupe huzama chini na maji ya juu hubaki angavu. Nzima huendelea kuwa na ukungu kwa muda mrefu. Ukishaliona kwa macho yako, huwezi tena kuweka chanjo karibu na barafu kwa uzembe.

Halafu kuna chanjo za unga, surua na kifua kikuu, zinazochanganywa na maji yake maalumu na kutupwa baada ya saa sita, kwa sababu hazina dawa ya kuzuia bakteria kuzaliana ndani ya chupa. Hapa makosa huua. Mwaka 2014 katika mkoa wa Idlib, Syria, watoto 15 walifariki baada ya dawa ya kulegeza misuli wakati wa upasuaji kutumika badala ya maji ya kuchanganyia chanjo ya surua. Mwaka 2017 huko Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 wengine walifariki kwa bomba moja kutumiwa tena na tena na chanjo kukaa bila ubaridi. Na mwaka 2018 visiwani Samoa, wauguzi wawili walichanganya chanjo ya surua na dawa ya upasuaji iliyokwisha muda, watoto wachanga wawili wakafa. Wazazi wakaogopa, uchanjaji ukaporomoka, na mwaka uliofuata surua ikaingia katika nchi hiyo yenye watu takriban laki mbili. Watu 83 walifariki, wengi wao watoto wadogo. Chanjo haikuwa na kosa lolote. Kilichokosewa ni mkono mmoja na chupa moja, na wananchi wakalipa kwa miezi.

Duka la dawa limejaa chupa. Ndiyo biashara yake. Kwa hiyo mafunzo ya mfamasia atakayechanja hayawezi kuwa semina ya siku moja yenye cheti na soda. Yanatakiwa kumfundisha kuchoma kwenye msuli wa bega bila kupanda juu kwenye kiungo, kumkalisha mteja dakika 15 baada ya sindano, na kuutambua mshtuko wa mzio, ambao ni adimu sana, takriban mtu mmoja katika dozi milioni, lakini huja ndani ya dakika. Dawa yake ni adrenalini kwenye msuli wa paja, mikrogramu 10 kwa kila kilo ya uzito, isizidi nusu miligramu. Duka lisilo na adrenalini juu ya meza halipaswi kuwa na chanjo ndani ya friji.

Kuna pia hatari ya biashara. Mwaka 2018 Uganda iligundua chanjo bandia za homa ya ini B zikizunguka nchini. Aprili 2021 serikali ya Kenya ilisimamisha uagizaji wa chanjo za UVIKO-19 kwa njia za binafsi, ikihofia bidhaa bandia kupenya. Chanjo ikishakuwa bidhaa ya faida, lazima mnunuzi ajue imetoka wapi, toleo namba ngapi, na ilisafiri kwa ubaridi gani. Mfamasia ndiye mwenye taaluma ya kuuliza hivyo.

Uvumi hufika dukani mapema

Aprili 2018 Tanzania ilizindua kitaifa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana, katika hafla iliyofanyika Mbagala, wilayani Temeke. Uvumi kwamba inaharibu uzazi ulikuwa umeshatangulia, na wengi waliosikia waliuliza kwanza kwa mtu wa dawa. Huyo mtu angekuwa na hadithi nzuri ya kusimulia, tena ya nyumbani. Utafiti uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 ulionyesha kwamba dozi moja huamsha kinga ya kutosha na inayodumu. Wa Kenya, kwa wanawake vijana zaidi ya 2,000, ulionyesha dozi moja kuzuia maambukizi kwa zaidi ya asilimia 97 katika mwaka mmoja na nusu. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja, na Tanzania ilihamia huko mwaka 2024. Mzazi anayesikia kwamba binti za Mwanza ndio waliosaidia dunia kupunguza sindano husikiliza tofauti na anayesikia "ni agizo la wizara".

Mwendo mfupi kutoka Bunju kwa barabara ileile, kuna Bagamoyo, mahali ambapo watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walishiriki majaribio makubwa ya chanjo mbili za malaria zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 na 2023. Kuna watu wa Pwani ambao watoto wao walikuwa katika majaribio hayo. Mtoa dawa wa Bunju anaweza kuyataja bila kubahatisha, kama mtu amemwambia.

Tukio la Julai 2021 nalo linafundisha. Chanjo ya UVIKO-19 ilipozinduliwa Ikulu, dozi zaidi ya milioni moja za Janssen zilikuwa zimefika, lakini watu hawakujitokeza kwa wingi vituoni. Serikali ikalazimika kuanzisha mpango harakishi na shirikishi, wachanjaji wakaenda sokoni, stendi na nyumba za ibada, na idadi ikapanda. Watu walichanjwa pale walipokuwepo. Duka la dawa ni mojawapo ya mahali hapo, na hata lisipochanja, linaweza kuelekeza.

Na mtoa dawa mwenyewe je? Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin wa Merca, pwani ya Somalia, Oktoba 1977. Alikuwa mpishi wa hospitali, kazi yake ilikuwa ndani ya kuta zilezile ambamo chanjo ilitolewa, na hakuwa amekingwa. Baadaye alisema aliogopa maumivu ya sindano. Alipona, na akatumia miaka yake ya mwisho akihimiza watu wachanje watoto dhidi ya polio. Wanaogusa vidonda na damu katika maduka yetu wanahitaji dozi tatu za chanjo ya homa ya ini B. Sidhani ni haki kumtaka mtu ahimize kinga asiyoipata yeye.

Ombi langu kwa Baraza la Famasi ni mahususi. Liweke somo la chanjo katika mafunzo endelevu ya lazima kwa wafamasia, mafundi sanifu dawa na watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu, lenye ratiba ya chanjo za taifa, kidonda cha pepopunda, kuumwa na mbwa, homa baada ya chanjo, sababu zisizo sababu za kukosa chanjo, na namna ya kujaza fomu ya njano. Halmashauri ya Manispaa ya Kinondoni ibandike katika kila duka karatasi moja yenye siku na saa za chanjo za zahanati iliyo karibu, ili mteja atoke akijua anakwenda wapi. Ruhusa ya kuchanja isubiri mpaka duka liwe na friji ya chanjo peke yake, kipimajoto kinachosomwa asubuhi na jioni, adrenalini, na mtu aliyepimwa kwa mikono yake, si kwa mtihani wa karatasi tu. Na wewe msomaji uliye Bunju, Boko au Mapinga: safari ijayo ukienda kununua dawa ya mtoto, beba na kadi yake ya kliniki, iweke kaunta, muulize dokta wako kama kuna tarehe iliyopita.